Foronya Yenye Maombi Manne

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa chumba chetu Jumatatu asubuhi. Lilikuwa la Kiingereza, kwa hiyo nililisoma kwa kulitazama tu. Niliona lina muhuri, lina sahihi ya haraka haraka kama nyayo za kuku, na lina neno moja nililolitambua, lile la Ijumaa. Nikajiambia, huu si mwaliko wa harusi.

Nikamwita karani wa ofisi ya juu. Ni mama mmoja mwembamba anayesoma barua zote za hospitali, hata zisizomhusu. Zisizomhusu ndizo anazozisoma mara mbili.

"Bibi Sindano," akaniambia, maana ndivyo wanavyoniita pale, "kaa kwanza."

"Nimekaa. Mwaka wa ishirini na tisa huu nimekaa. Soma."

Akasoma. Chumba cha kushonea kitafungwa Ijumaa. Shuka na foronya zikichanika zitatupwa, zitaletwa mpya. Chumba kitawekwa makasha ya glovu. Cherehani itapelekwa ghalani. Mshonaji atahamia chumba cha kufulia, kwenye meza ya kukunja.

Mkunjaji mwenyewe alikuwa kasimama nyuma yetu na furushi lake begani. Ni shoga yangu tangu tukiwa na meno yote. "Karibu," akasema. "Ila upande wa dirishani ni wangu, hilo tuelewane mapema."

Nilicheka, lakini kicheko kilitoka kama uzi uliokwama kwenye tundu. Kukunja ni kazi ya heshima, sisemi vingine. Lakini mkunjaji anaipokea nguo ikiwa nzima. Mimi naipokea imekufa. Inakuja shuka imepasuka katikati kama mdomo wa mtu anayepiga mwayo. Naikata, nageuza kingo zije katikati, naunga, inarudi wodini kulaliwa miaka mingine minne. Na cherehani yangu ya miguu, nyeusi, maandishi yake ya dhahabu yamefutika yote ikabaki herufi moja tu, ina pedali iliyolika kwa umbo la wayo wangu wa kulia. Mtu mwingine akiikanyaga inalalamika. Ghalani nani ataikanyaga? Panya?

"Nani kaandika haya?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Mama Pamba."

Mama Pamba ni msimamizi mpya. Alikuja kutoka nje ya nchi miezi mitatu iliyopita. Tulimpa jina hilo kwa sababu viatu vyake havina sauti, anatembea kama anayekanyaga pamba, unastukia tu yuko nyuma yako na daftari. Kiswahili chake ni neno moja, asante. Ukimpa karatasi, asante. Ukimkanyaga mguu, asante.

"Alhamisi saa nane anapokea wenye shida," karani akasema. "Lakini nikwambie, Bibi. Anataka mtu aombe mwenyewe, asije na msemaji. Na aombe kwa adabu ya kwao. Mpishi juzi aliingia akamwambia kwa Kiingereza kikavu, nataka likizo. Akatoka kanywea."

"Mimi Kiingereza changu kiliishia gudi moningi."

"Basi umebakiwa na siku tatu za kukiendeleza."

Nyumbani naishi na mjukuu wangu wa kike, mtoto wa binti yangu. Anafundisha Kiingereza sekondari. Ni mwalimu mpaka kwenye sufuria: ukimwambia chumvi imezidi, anakuuliza imezidi nini. Jioni ile nilimweleza kisa chote, nikamwambia, "Nipe sentensi moja tu. Fupi. Ya kuomba aniachie cherehani na chumba. Lakini iwe na adabu."

Akachukua chaki. Ndiyo, tuna chaki nyumbani. Akaandika mlangoni mwa kabati.

"Bibi, njia ya kwanza ni hii. Nitashukuru kama utaniachia cherehani. Hapo unatumia Wili."

"Wili. Nimeipenda. Fupi."

"Usiitumie."

"Mbona umenipa?"

"Nimekupa ili uijue, usiitumie. Wili inamkaba mtu. Ni kama umeshaamua kwamba ataacha. Kwa mkubwa unasema Wudi. Ningeshukuru. Halafu kile kitendo cha kuacha unakirudisha nyuma, unakiweka kwenye wakati uliopita."

"Unakiweka wapi?"

"Jana."

Nikamtazama nione kama anatania. Hakuwa anatania. "Mama, cherehani inachukuliwa Ijumaa inayokuja. Nikimwambia kwamba jana aliniachia, ataniona nimechanganyikiwa."

"Si jana ya kweli, Bibi. Ni jana ya adabu."

"Kwa hiyo Waingereza wana jana mbili."

"Ukikiweka kitendo nyuma, kinakuwa mbali. Kikiwa mbali hakimgandamizi. Mtu anapata nafasi ya kukataa."

Hapo ndipo nilipoweka kikombe chini. "Wewe mtoto, mimi ninakwenda kule ili asikatae, wewe unanipa maneno ya kumfungulia mlango akatae?"

"Ndiyo adabu yenyewe!"

Hayo yote yalisikika kwa jirani, maana ukuta wetu ni mwembamba kama kaniki iliyofuliwa sana. Jirani ni Mzee Tai. Alisimama kwenye kaunta ya mapokezi ya hoteli miaka thelathini na moja, na mpaka leo hatoki nje bila tai, hata kwenda kuanika soksi. Akabisha hodi akiwa tayari ndani.

"Samahani mwalimu, samahani bibi yake mwalimu," akasema. "Mimi wageni nimewaomba kila kitu. Watie sahihi, warudishe funguo, wasivute sigara kitandani, wavae nguo kabla ya kushuka kwenye lifti. Na siku zote nimetumia Wudi mbili. Ya kwanza kwangu, ya pili kwake. Wudi mimi nishukuru, kama Wudi wewe uniachie."

Mjukuu wangu alisimama kama aliyechomwa na sindano. "Wudi mbili katika sentensi moja! Babu, hilo ni kosa. Baada ya kama, Wudi haikai. Nawakata wanafunzi alama kila wiki."

"Inakaa, mwanangu. Ukiwa unaomba radhi ya mtu, inakaa. Ile Wudi ya pili si ya sharti, ni ya hiari. Unamuuliza kama moyo wake utapenda."

"Kitabu kinakataa."

"Kitabu chako kimewahi kumtoa mgeni mlevi kwenye bwawa la kuogelea?"

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mimi niligeuza shingo huku na huku kama ninayetazama watu wanaorushiana mpira, na sikujua nani amefunga. Mwishowe, ili wapatane, wakaniletea ndugu wa tatu, Kudi. Ningeshukuru kama ungeweza kuniachia. Wakakubaliana, wakapeana mikono. Nami nikauliza swali dogo tu.

"Hiyo Kudi si inauliza kama anaweza?"

"Ndiyo," wakasema pamoja.

"Lakini ninajua anaweza. Yeye ndiye aliyebandika tangazo. Nikimuuliza kama anaweza kuliondoa, si nitakuwa namtukana?"

Wakatazamana. Wakaanza upya. Mimi nikaenda kulala nikiwa na Wili, Wudi na Kudi kichwani, kama mashemeji watatu waliokuja msibani, kila mmoja akidai yeye ndiye wa karibu.

Sasa, lazima niwaambie jambo moja la pale kazini, maana bila hilo hamtanielewa. Kuna sheria ya hospitali yetu ambayo haijaandikwa popote, lakini kila mtu anaifuata kuliko zilizoandikwa. Aliiweka matroni wa kwanza, marehemu sasa. Nesi akiona nguo imechanika, anapitisha kipande cha uzi mwekundu penye mpasuko. Kitu chenye uzi mwekundu, kikikutwa popote, kinaletwa chumba changu, na hakitoki hapo mpaka mimi nikitengeneze na kuutoa uzi kwa mkono wangu. Si daktari, si dobi, si mlinzi wa geti, hakuna anayeuvuta. Nikimaliza naweka shono la bluu kwenye pembe. Bluu maana yake tayari, peleka wodini. Nyekundu ni bado, bluu ni tayari. Hata wafagiaji wanalijua hilo siku ya kwanza.

Jumanne na Jumatano nilijaribu kukariri. Nikikumbuka mwanzo, mwisho unapotea. Nikiushika mwisho, mwanzo unakimbia. Kichwa changu hakishiki wino, kinashika uzi. Basi Jumatano mchana nilichukua foronya kuukuu, mjukuu wangu alikuwa ameniandikia sentensi zote nne kwenye karatasi, nami nikazitarizi moja baada ya nyingine. Ya Wili, kwa sababu niliipenda. Ya Wudi na ile jana ya adabu. Ya Mzee Tai yenye Wudi mbili. Na ya Kudi. Nilijiambia nitaikunja mfukoni, nikifika kwa Mama Pamba nitachagua kwa kutazama uso wake.

Nikiwa natarizi ndipo nilipodhani nimeelewa kidogo. Unapomshonea mtu nguo, huipigi cherehani moja kwa moja. Unapiga bandi kwanza, uzi mrefu mrefu, legelege, ukivutwa unatoka. Anaivaa, anajitazama, akisema hapana, hukukata kitu. Nikasema labda hiyo Wudi ni bandi. Halafu nikakumbuka kwamba mimi ninataka kitu kilichoshonwa kikashika, si bandi, nikachanganyikiwa tena pale pale.

Kosa langu lilikuwa rangi. Barua ya kumwomba mkubwa, nikafikiri, haiandikwi kwa rangi ya matambara. Nikatumia bluu.

Alhamisi asubuhi foronya haikuwepo mezani.

"Shoga!" nikamwita Mkunjaji. "Foronya yangu iko wapi?"

"Ipi? Ile yenye maua ya bluu?"

"Si maua, ni Kiingereza!"

"Mimi nitajuaje? Nimeona bluu, nimekunja, imepanda na toroli jana jioni." Akanitazama, akaona sicheki. "Wodi ya mifupa, wanaume."

Nikapanda ngazi kwa magoti haya. Wodi ya mifupa ina vitanda ishirini na vinne, na kila kitanda kina kichwa, na kila kichwa kina mto. Kazi ikawa kuinua vichwa. Gudi moningi, samahani baba, inua. Gudi moningi, samahani kaka, inua. Mmoja akadhani nimekuja kumnyoa. Mwingine akasema, "Bibi, sindano ziko upande wa pili," nami nikamwambia mimi ndiye Sindano mwenyewe.

Kitanda cha tisa alilala mzee mmoja, mguu mmoja juu kwenye kamba, umefungwa plasta. Kabla sijamgusa akaniambia, "Wewe ndiye mwenye maombi?"

"Umeyaona?"

"Nimeyalalia. Shingo imenikakamaa kwa adabu." Akainua kichwa, na kweli, ndiyo hiyo foronya. "Nilikuwa mkalimani wa mahakama, mama. Nimeyasoma mara kumi, hapa hakuna gazeti. Nimewasomea na wenzangu."

"Sisi kitanda cha kumi tunapendelea ya pili," akasema jirani yake, dereva wa lori aliyevunjika bega. "Ingawa mimi mwenyewe ningepiga honi tu."

Nikamshika mkono yule mkalimani. "Baba, umesoma. Niambie ipi ni sahihi. Saa nane ninaingia kwa msimamizi, chumba changu kinafungwa kesho."

Akafikiri. Watu wa mahakamani wanafikiri polepole, wamezoea kulipwa kwa siku. "Zote zinapita," akasema. "Ya kwanza inapita ukiwa umezoeana naye. Ya pili inapita kitabuni. Ya tatu vitabu vingine vinaikataa, lakini wenye lugha wanaisema. Ya nne inapita popote, ndiyo maana haina ladha. Mimi kortini zote nne ningezitafsiri kwa neno moja: anaomba."

"Basi nitumie ipi?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Inategemea unaomba kitu gani na anayeombwa anajionaje."

Nilitaka kumwuliza yeye ananionaje mimi, lakini wodi ilikuwa imenyamaza ghafla. Dereva alikuwa ananikonyeza. Nikageuka. Mama Pamba alikuwa nyuma yangu na daftari lake, na mimi nimekumbatia mto wa mgonjwa, na kichwa cha mgonjwa kiko juu ya mkono wangu.

Akanyoosha mkono. Nikampa mto. Ningefanya nini?

Akasoma. Alisoma ya kwanza, akapandisha nyusi. Ya pili, akainamisha kichwa. Ya tatu aliisoma midomo ikicheza. Ya nne alirudi akaisoma tena kuanzia juu. Kisha akapitisha kidole juu ya herufi, akageuza foronya ndani nje, kama anavyofanya mtu anayejua kushona kutazama upande wa nyuma, ambako ndiko uongo unakofichwa. Upande wangu wa nyuma ni safi, namshukuru Mungu. Akamwambia mkalimani kitu. Mkalimani akajibu. Wakaongea kama watu wawili sokoni, nami katikati kama mbuzi anayesikiliza bei yake.

"Anasemaje?"

"Kauliza nani kashona. Nimemwambia ni wewe."

"Halafu?"

"Kasema mkono wako ni mzuri sana."

"Na ombi?"

"Ombi kasema angependa kulifikiria, kama kungekuwa na wakati."

"Ndiyo au hapana?"

"Mama, mimi ni mkalimani, si mpiga ramli."

Mama Pamba akavua foronya kwenye mto, akaikunja vizuri mara nne, akaiweka ndani ya daftari. "Asante," akaniambia. Akaondoka nayo.

Kwa hiyo saa nane niliingia ofisini mwake bila hata neno moja la kusoma. Karani alikuwa pembeni na kalamu yake, haruhusiwi kunisemea. Mama Pamba akanionyesha kiti. Nikakaa. Nikafungua mdomo, na mashemeji wote watatu wakataka kutoka kwa pamoja. "Wili," nikasema. Nikaona hapana. "Wudi." Nikasimama. "Wudi, Wudi. Kudi." Nilikuwa kama mwalimu anayeita majina darasani na watoto wote watoro. Jasho likanitoka. Nikamalizia kwa lile moja ambalo hakuna aliyenifundisha, "Plizi," na nikakanyaga hewa kwa mguu wangu wa kulia, kana kwamba pedali iko chini ya meza yake.

Alinisikiliza mpaka mwisho, hakucheka. Nilimheshimu kwa hilo, maana ningekuwa mimi ningecheka. Kisha akajibu sentensi moja, ndefu, laini, imejaa Wudi kama shuka la wodi ya watoto lilivyojaa viraka. Karani aliiandika yote kwenye karatasi, akanisindikiza mlangoni.

"Kasemaje?"

"Bibi, maneno ninayajua yote," karani akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa hana hakika na barua. "Lakini sijui kasemaje."

Jioni niliweka karatasi ile mezani nyumbani. Mjukuu wangu akaisoma, akanishika bega. "Pole, Bibi. Anasema angefurahi kukuachia, kama mambo yangekuwa vingine. Maana yake mambo si vingine. Hii ni hapana iliyovaa gauni."

Mzee Tai akamnyang'anya karatasi. "Gauni gani? Soma hapa, angefurahi! Mgeni akiambiwa hivi kwenye kaunta anajua chumba anacho, anangoja funguo tu. Hii ni ndiyo inayoona haya."

"Ni hapana!"

"Ni ndiyo!"

"Babu, wewe kitabu hujui."

"Na wewe mwanangu watu huwajui."

Nikawaacha. Nilikuwa nimeelewa jambo moja tu katika wiki nzima. Mimi nilimpa nafasi ya kukataa, naye akanipa nafasi ya kutojua. Tulikuwa tumeheshimiana kiasi kwamba hakuna hata mmoja aliyesema kitu.

Lakini Ijumaa haina adabu, inakuja tu. Nilifika kazini mapema kuliko wafagiaji. Nilipangusa cherehani, nikaitia mafuta, nikaondoa vumbi la pamba chini ya meno yake. Nikakaa. Nikatazama kopo la nyuzi. Nikachukua uzi mwekundu, nikafunga kipande kimoja kwenye mkono wa gurudumu, fundo dogo, la kawaida, kama nesi yeyote angefunga.

Saa tatu wasukuma toroli wawili wakaja, watu wazima wenye vitambi, tunajuana.

"Shikamoo, Bibi Sindano. Tumetumwa cherehani."

"Marahaba. Hiyo hapo."

Wakainama kuibeba. Aliyekuwa upande wa gurudumu akasimama tena. "Ina uzi."

"Uzi gani?"

"Mwekundu." Akarudi nyuma hatua moja, mikono mgongoni. "Bibi, hii ina uzi mwekundu."

"Eh! Nani kaufunga?" nikasema. "Macho yangu siku hizi."

"Utoe basi."

"Nitoe kabla sijatengeneza? Matroni atafufuka."

Wakakaa kwenye toroli lao, wakaanza kushauriana. Mmoja akasema agizo ni agizo. Mwenzake akasema uzi ni uzi. Mkunjaji akaja na furushi, akaona, akaelewa mara moja, akakaa chini kabisa kutazama kama aliyekatiwa tiketi. "Mimi dirisha langu limepona," akaninong'oneza.

Walimwita karani, na karani alikuja na Mama Pamba. Nilisikia kimya kikikaribia, nikajua ni yeye. Akauliza kwa nini toroli liko tupu. Wasukuma toroli wakaonyesha uzi. Karani akamweleza sheria yote, matroni, nyekundu, bluu, mkono wangu. Mama Pamba akainama, akautazama ule uzi kwa karibu, hakuugusa. Huenda alidhani unauma.

"Anauliza," karani akasema, "cherehani ina ubaya gani?"

"Mwambie imechanika."

"Bibi, chuma kinachanika?"

"Mwambie hivyo hivyo."

Akamwambia. Mama Pamba akanitazama, nami nikamtazama kwa uso wa mtoto aliyemaliza sukari. Akauliza tena.

"Anauliza itachukua muda gani kuitengeneza."

Nilijua hapo ndipo pa kusema jambo la maana, la jana au la kesho. Nikatafuta kichwani, nikakuta mmoja tu wa wale mashemeji bado yumo.

"Wudi," nikamwambia.

Hakuna aliyejua nimesema nini. Mimi pia sikujua. Mama Pamba akafungua daftari, akafunga, akasema "Asante", akaenda zake. Wasukuma toroli wakangoja amri, amri haikuja, wakaenda kunywa maji, hawakurudi.

Siku mbili za mapumziko ya juma sikujua mimi ni mshonaji au mkunjaji. Mjukuu wangu alisema asante ile ilikuwa ya kuniaga. Mzee Tai akasema ilikuwa ya kunipongeza. Nikawaambia kwamba mwanamke huyo akikanyagwa mguu husema vilevile, waache kuipima.

Jumatatu nilifika, na mlango wangu ulikuwa bado mlango wangu, makasha hayajaja. Tangazo lilikuwepo, lina muhuri, lina sahihi. Ila pembeni, chini, palikuwa na kitu kipya. Nikavaa miwani. Ni uzi mwekundu, umepitishwa kwenye karatasi mara tatu, umekwenda upande kama mlevi, na fundo lake kubwa kama punje ya njegere.

Karani akatokea, hakuwa na barua mkononi. "Jumamosi aliazima sindano kwangu," akasema. "Kajichoma mara mbili. Nikamwuliza anataka kushona nini, akasema asante."

"Kwa hiyo ni ndiyo au hapana?"

"Hakusema."

Nililitazama sana lile fundo. Mshonaji yeyote angeona haya kuliacha hivyo. Lakini sheria ni sheria, wala si mimi niliyeiweka. Kitu chenye uzi mwekundu kinaletwa chumba changu, na hakitoki, na hakitumiki, mpaka mimi nikitengeneze na kuutoa uzi kwa mkono wangu. Nikalibandua tangazo, nikaliweka kwenye kapu, chini ya shuka za wodi ya wazazi, nikakaa, nikakanyaga pedali.

Nyumbani bado wanabishana, ndiyo, hapana, jana, kesho. Mama Pamba akipita huchungulia kapu, nami humwonyesha kwa mkono kwamba foleni ni ndefu. Tangazo lake bado liko humo. Nimeligeuza kila upande, lakini limechanika vibaya, na mimi peke yangu, na macho ndiyo haya.